Bomba Kubwa na Bomba Dogo

Jina lake la kwenye vyeti alilijua karani wa ofisi ya maji, basi. Sisi wengine tulimwita Presha, na mwenyewe aliitika. Jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake. Ukimsalimu, "Habari za kazi?" atakujibu, "Presha nzuri." Siku mambo yakienda kombo atasema, "Presha imeshuka, lakini tunasukuma." Hata baba mkwe wake alipomuuliza kama yuko tayari kuoa, alijibu hivyohivyo, na mzee mmoja aliyekuwa pale akapaliwa na chai kwa kucheka.

Mimi ni kinyozi. Kwa miaka mingi nilimkata nywele Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na mtu akishafungwa kitambaa shingoni huwa anasema mambo ambayo hata mkewe hajayasikia. Ndiyo maana nayajua haya.

Presha alikuwa mwendesha pampu. Kituo chake kiko chini ya mji wetu, pale mto unapopinda: nyumba ya matofali yenye bati jekundu, na ndani yake pampu nne za rangi ya buluu zilizofungwa kwa nati kwenye sakafu. Aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na miwili, bado ndevu zinamwota kwa mafungu. Mpaka haya yanatokea alikuwa amefikisha hamsini na tatu. Angeweza kusimama mlangoni akiwa amefumba macho akakuambia pampu namba tatu inataka grisi. Sakafu aliifagia mwenyewe ingawa mfagiaji alikuwepo, kwa sababu, alisema, yule mama anafagia kama anapapasa.

Katika nyumba ile yalitoka mabomba mawili. Bomba dogo lilipanda kilimani mpaka kwenye tangi letu. Bomba kubwa, ambalo mtu mzima angeweza kutambaa ndani yake, lilifuata barabara kwa kilomita mia moja na kumi mpaka jiji kuu. Presha alipoanza kazi bomba kubwa halikuwepo. Lilipolazwa tulifurahi wote. Pamoja na bomba ilikuja lami, pamoja na lami ukaja umeme usiokatika ovyo, na tukaambiwa mji wetu sasa utakua. Ukakua kweli. Zilijengwa nyumba tatu za wageni, kikafunguliwa kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, hospitali ikaongezewa wodi mbili. Mimi nilinunua kiti cha pili cha kunyolea, cha kuzunguka.

Na shemeji yake Presha akaanza kufua. Huyu alikuwa mjane wa kaka yake mkubwa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita gari. Tulimwita Mama Mashuka. Alianza na beseni mbili nyuma ya nyumba, akifulia nyumba moja ya wageni. Baada ya miaka sita alikuwa na mashine tatu, banda la kupigia pasi, kamba za kuanikia mistari kumi na minne, na wanawake saba chini yake. Mashuka yote ya hospitali yalipita mikononi mwake. Ukipita pale saa tano asubuhi, upepo ukivuma, ungeona uwanja mzima mweupe unapumua. Aliwasomesha watoto watatu wa marehemu kwa sabuni na maji, na hakuwahi kumgongea shemeji yake mlango kwa shida.

Jumatatu moja ikaja barua kutoka makao makuu. Jiji limepanuka, ilisema, kwa hiyo pampu za kusukumia jiji ziwe tatu badala ya mbili, na valvu ya bomba dogo ifungwe nusu. Presha alisoma mara mbili, akatia sahihi kwenye daftari la zamu, akashika usukani wa valvu. Aliniambia alihesabu mizunguko: kumi na minane. "Nilikuwa nazungusha," alisema, "najiambia ni kwa muda tu."

Mwaka uliofuata ikaja barua nyingine. Safari hii mizunguko kumi. Tukawa tunapata maji siku tatu kwa wiki, halafu mbili.

Mama Mashuka alimfuata kituoni, amevaa aproni yake yenye madoa ya buluu, mikono kiunoni.

"Shemeji, nitazame kwa macho makavu uniambie. Ni nani anayefunga maji?"

"Mimi."

"Basi fungua."

"Siwezi, shemeji."

"Mkono umekufa ganzi?"

Akamwonyesha saa ya presha ya bomba kubwa, kioo chake na mshale wake, na waya mweusi uliotoka nyuma yake ukapanda ukutani. "Unaona waya ule? Huu mshale wanauona kule kwenye kompyuta. Ukishuka kidogo tu, simu inalia kabla sijafuta mikono."

Mama Mashuka aliutazama ule waya kama anaweza kuung'oa kwa meno. "Nina mashuka mia mbili ya hospitali yana damu," alisema. "Damu ikikauka haitoki. Unanielewa? Nikiyarudisha na madoa, kazi hiyo sitaiona tena."

Presha hakuwa mtu wa kuvunja amri. Lakini marehemu kaka yake ndiye aliyemlea, ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza vya kwendea kazini. Jumanne asubuhi alifungua bomba dogo mizunguko saba. Akaketi kwenye kigoda roho juu, akisikiliza maji yanavyopanda kilimani. Simu ililia baada ya dakika ishirini na tano. Alijitetea kwamba valvu imekwama, anaishughulikia, akaburuza maneno kadiri alivyoweza. Mama Mashuka akapata maji kwa saa mbili na nusu. Mashuka yakatoka meupe.

Jioni hiyo akapigiwa simu na bintiye. Huyu binti alikuwa jijini, anashona mashati katika kiwanda cha nguo, amepanga chumba ghorofa ya tano na mtoto wake wa miezi minne.

"Shikamoo, baba. Habari za huko?"

"Marahaba. Presha nzuri. Mjukuu wangu?"

"Anaharisha tangu jana. Na leo maji hayakupanda kabisa, baba, tangu saa nne asubuhi. Nepi zimejaa hapa, sina hata ya kumnawisha. Kwani kuna nini huko kwenu?"

Aliniambia haya akiwa kwenye kiti changu, na nilipoona mabega yake yanatikisika chini ya kitambaa nilisimamisha mkasi nikajifanya natafuta kitana. Mtoto alipona, nashukuru kusema. Lakini Presha tangu siku ile hakugusa valvu bila amri. Barua ya onyo ilipokuja aliipokea shingo upande, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku la spana.

Ndipo akaamua kwenda mwenyewe makao makuu. Akaomba likizo ya siku tatu, akavaa koti lake la harusi ambalo kifungo cha tumboni hakikufunga tena, akachukua karatasi aliyoiandika kwa mkono, kurasa mbili, akieleza bomba dogo linahitaji nini na mji wake unapoteza nini. Mkewe alimwambia, "Usibishane nao. Wewe eleza tu." Akasema ataeleza tu.

Walimsubirisha siku nzima kwenye benchi la ukumbini. Siku ya pili, saa nne, aliitwa kwa mhandisi wa ugawaji wa maji. Alitarajia mzee mwenye kitambi na miwani. Akamkuta mwanamke kijana, umri wa bintiye, macho mekundu ya uchovu, na ukutani nyuma yake ramani kubwa kuliko kitanda.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae. Wewe ndiye wa kituo cha mtoni? Kila siku naona mshale wako."

Maneno hayo yalimtoa jasho, lakini binti yule hakuwa akimsuta. Aliisoma karatasi yake yote, mstari kwa mstari, jambo ambalo Presha hakulitegemea. Kisha akamwonyesha ramani. Mistari yote, ya maji, ya umeme, ya barabara, ilitoka pembeni ikaingia jijini. Hakukuwa na mstari hata mmoja uliotoka mji mdogo kwenda mji mdogo mwenzake.

"Kila mwaka wanaingia hapa watu wanaozidi mji wenu mara tatu," alisema. "Wote wanataka maji."

"Wanaingia kwa sababu kwetu yamekatika, mama. Mkinibakishia kidogo, hawatakuja. Kiwanda cha mafuta kitabaki. Shemeji yangu atabaki."

Mhandisi akavuta droo, akatoa kitabu kinene kilichofungwa kwa waya wa plastiki. "Niliandika hivyohivyo, mzee. Miaka miwili iliyopita. Bwawa jipya, matangi kwa miji midogo sita, viwanda vipelekwe huko badala ya kurundikwa hapa. Ukurasa wa arobaini na moja ni mji wenu."

Presha aliufungua. Jina la mji wetu lilikuwa limechapwa pale kwa herufi nzito, na chini yake picha ndogo ya tangi ambalo halijajengwa.

"Wakasemaje?"

"Walinipongeza."

Wote wawili wakacheka, kicheko kile cha watu waliokwama kwenye tope moja.

"Hatuwezi kuongeza pampu ya tano?" aliuliza Presha. "Nafasi ipo. Hata sakafu nimeipima."

"Na mto je? Wewe unauona kila siku. Unapanda?"

"Unashuka," alikiri. "Ule mwamba wa ng'ambo, zamani ulikuwa unaonekana kiangazi tu. Siku hizi uko nje mwaka mzima."

"Basi. Mradi unapelekwa penye watu wengi, na watu wako hapa."

"Na watu wanafuata maji."

"Ndiyo, mzee."

Mhandisi alimsindikiza mpaka ngazini. Alimwomba radhi kwa mikono miwili, kama anamwomba baba yake. Presha aliniambia ingekuwa afadhali angefokewa. Ukifokewa unarudi nyumbani na hasira, na hasira hukusindikiza njiani. Yeye aliondoka mikono mitupu, hana hata wa kumlaumu.

Akitembea kwenda kwa bintiye, alikuta mtaa mmoja unatiririka. Bomba la pembeni mwa barabara lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, maji safi yanamwagika mtaroni, watu wanaruka juu yake kama hawaoni. Mwuza soksi aliyekuwa karibu alimwambia, "Hilo lina mwaka mzima, mzee. Tumeshazoea. Linatupoza joto."

Presha hakuweza kupita. Alipiga goti hapo hapo na koti lake la harusi, akatoa kipande cha mpira mfukoni, maana mtu wa pampu hatembei bila mpira, akaanza kukifunga. Alikivuta, akakizungusha, akakaza kwa nguvu zote. Maji yalipungua, yakawa uzi. Mwuza soksi akapiga makofi. Kisha, kwa kuwa upande huu umezibwa, kiungo kikaachia upande wa pili, kikamwagia kifua kizima, uso, na karatasi zake mfukoni. Watu wakacheka. Mmoja alisema, "Mzee ameamua kuoga." Alisimama pale analowa, akitazama maji ambayo pengine aliyasukuma mwenyewe juzi yakiingia kwenye mtaro na makopo na maganda.

Kwa bintiye alikuta ngazi zimejaa ndoo na madumu, kila moja na alama ya rangi ya mwenyewe. Ghorofa ya tano bomba lilikohoa, likatoa maji ya kujaza kikombe, likanyamaza. "Leo umebahatika, baba," binti alisema. "Umeyakuta." Presha akampakata mjukuu wake mpaka akalala.

Aliporudi kwetu mambo yalikwenda kasi. Kiwanda cha mafuta kilihamia pembezoni mwa jiji. Kiliondoka na malori manne na watu kumi na wawili, waliobaki wakaambiwa wakipenda wafuate. Nyumba mbili za wageni zikafunga milango. Hospitali ikaingia mkataba na kampuni ya kufulia ya jijini. Kila Alhamisi gari lilikuja, likapakia mashuka machafu, likaenda nayo kilomita mia moja na kumi sambamba na bomba kubwa. Jumatatu likayarudisha meupe, yamefuliwa kwa maji ya mto wetu.

Mama Mashuka alihangaika miezi mitatu. Alikodi mkokoteni wa kuchotea maji mtoni, lakini mashine hazipendi mchanga, na moja ikafa, kisha ya pili. Wanawake wake wakapungua, saba, wanne, wawili. Mwishowe alikwenda kuomba kazi kwenye kampuni ile ile ya jijini, na kwa kuwa aliyajua mashuka ya hospitali yetu kuliko mtu yeyote, wakamchukua. Mfuaji wa zamu. Anaamriwa na msimamizi mwenye umri wa mwanawe wa mwisho.

Siku ya kuondoka kwake, Presha alimsaidia kupakia. Alikunja kamba za kuanikia, zote kumi na nne, akazifunga vizuri kama za kuuzwa.

"Za nini tena hizo?" Mama Mashuka alimwuliza. "Kule wanakausha kwa mashine."

"Chukua tu, shemeji."

Akazichukua. Alipanda mbele, karibu na dereva, akashusha kioo. "Sina neno na wewe," alisema. "Usije ukakaa unajila moyo. Ningekuwa mimi pale kituoni, ningefunga vilevile."

Presha alitaka kumjibu jambo, lakini gari lilikwisha tia gia.

Sasa niseme na langu, maana sipendi kujitia usafi. Siku moja kwenye foleni ya maji, juani, tumekaa saa tatu na tangi halijatoa tone, Presha alipita na baiskeli yake akitoka kazini. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele. "Huyo ndiye anayewanywesha wenzake sisi tukauke!" Wengine wakadakia. Mtu akamrushia kifuniko cha dumu, kikampata mgongoni. Hakugeuka. Hakuja tena kunyoa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikapita, na nyingine, na nyingine. Kiti changu cha pili kilikuwa kimeshakaa bure muda mrefu. Sasa hata cha kwanza nikawa nakiona kikubwa.

Ulipofika mwezi wa nne bila yeye, nilifungasha mkasi, kitana na kitambaa, nikashuka mtoni. Nilimkuta kwenye kigoda mlangoni, nywele zimemfika masikioni, nyeupe kuliko nilivyozikumbuka.

"Nimekuja kukunyoa," nilisema.

"Sikukuita."

"Najua. Nimekuja na la kukuomba radhi pia."

Alinitazama sana. "Anza na nywele," alisema.

Nilimfunga kitambaa nikaanza. Ndani pampu zote nne zilikuwa zinanguruma, na zote nne, aliniambia, ni za jiji sasa, ila Jumatano moja hutusukumia sisi. Wiki sita nyuma walikuja mafundi na vijigari vyao wakafunga mota ndogo juu ya kila valvu, za rangi ya chungwa, zinazoendeshwa kutoka makao makuu. Usukani wa chuma aliouzungusha miaka thelathini na moja walikuwa wameufungua wakauegemeza ukutani. Kazi yake ikawa kupaka grisi, kufagia, kuandika joto la pampu, na kushika funguo za geti.

"Angalau sasa watu wajue si wewe unayefunga," nilimwambia, nikitafuta la kumfariji.

"Nani atawaambia?"

"Mimi. Kinyozi anasikika."

Akatabasamu kidogo. "Na wakishajua, maji yatatoka?"

Nikaendelea kupunguza upande wa kushoto. Akaniuliza habari za biashara, nikamwambia wateja wamekwenda na maji. Akaniuliza kama na mimi nafikiria kuhama. Nikasema mke wangu ameshaulizia chumba kule anakokaa dada yake. "Ghorofa ya ngapi?" akauliza. Nikamwambia ya sita. Akatikisa kichwa, nikamwambia atulie nisije nikamkata sikio.

Wakati huo nikasikia ndani mlio mwembamba, kama wa randa ya umeme iliyo mbali. Presha aliinuka na kitambaa chake shingoni, nywele upande mmoja fupi, upande mmoja ndefu, akaingia. Nikamfuata. Ile mota ya rangi ya chungwa kwenye bomba dogo ilikuwa inazunguka yenyewe, polepole, na mshale wa saa ya presha unashuka nao. Haikuwa siku ya kufunga. Ilikuwa Jumatano, siku yetu ya pekee, na hata saa sita haijafika.

"Si leo ni zamu yetu?" niliuliza.

"Ilikuwa." Akaweka kiganja juu ya bomba, akakiacha pale. Aliinua simu ya ukutani, akapiga. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita.

"Nani amefunga?" nilisema, sauti imenipanda. "Watu hawajachota!"

"Sijui, ndugu yangu. Pengine na huko anayebonyeza hajui." Akarudisha simu kwenye ndoano yake, taratibu. "Mkeo yuko nyumbani?"

"Yuko."

"Mpigie. Mwambie aache vyote akinge. Yaliyobaki kwenye bomba ni ya dakika kumi, nyumba za chini kumi na mbili."

Nilipiga. Hakupokea, nadhani alikuwa uani. Presha akanifungulia geti, nikapanda kilima mbio na mkasi mkononi, nikipita nyumba ya jirani, nyumba ya karani, nyumba ya mwalimu, nikipiga kelele kingeni, kingeni, yanakatika. Nilipofika kwangu mke wangu alikuwa ameshajaza ndoo mbili. Ya tatu ilikuwa chini ya bomba, imefika katikati, na hakuna kilichokuwa kinatoka.